Mlezi Hachukui

Tiki yenyewe ilikuwa moja tu, ndogo, ya wino wa buluu, na aliyeipiga ni mtu mzima mwenye akili zake timamu. Tusimsingizie shetani. Fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na nane, mwanamke aliyewalea wanyama kumi na tisa wa kituo na kuwarudisha wote wazima, alikaa mezani kwake mchana kweupe, akavaa miwani, akasoma swali la kumi na moja: "Je, mnyama huyu amewahi kuuma mtu?" Akapiga tiki kwenye Ndiyo. Mbwa anayeandikwa alikuwa amelala chini ya cherehani, kidevu juu ya pedali, hana hili wala lile.

Kwa asiyeijua kazi ile, iko hivi. Kituo kinaokota mbwa na paka waliotupwa, mabanda ni machache, wanaookotwa ni wengi. Kwa hiyo wapo watu wanaoitwa walezi wa muda. Unapewa mnyama wiki sita, nane, unamlisha, unamtibu kidonda, unamfundisha kukaa na binadamu tena, halafu unajaza fomu ya tabia zake na kumrudisha, ili familia itakayomchukua moja kwa moja ijue inachukua nini. Na ofisini kwa Msimamizi, juu ya kabati la dawa, imebandikwa karatasi yenye maneno mawili ya herufi kubwa: MLEZI HACHUKUI. Zamani walezi walikuwa wanachukua. Kila mmoja alimpenda wa kwanza aliyepewa, akabaki naye, na baada ya mwaka mmoja kituo kilikuwa na mabanda yamefurika na hakina hata nyumba moja ya kupeleka mnyama. Ndipo sheria ikawekwa.

Na hakuna aliyeitetea sheria ile kama Fundi. Walezi wenzake walipolia siku ya kurudisha, yeye ndiye aliyewakemea. Kuna mwalimu mmoja alikuja na paka wa jicho moja kifuani, machozi yanamtiririka, hataki kumwachia, Fundi akamwambia mbele ya watu, "Mwalimu, jikaze bwana. Ukimchukua huyu, wa kesho atalala wapi? Kwako wewe umeshajaza!" Mwalimu akamwachia paka. Fundi akatoka pale kichwa juu, anajiona ndiye nguzo ya kituo. Kumi na tisa walipita mikononi mwake na hakuna aliyemtoa chozi.

Huyu wa ishirini ndiye aliyemshika pabaya. Mbwa mzee, rangi ya kahawia iliyochuja, sikio moja limechanika, alikutwa amefungwa kwenye geti la ghala lililohamwa. Aliletwa mifupa mitupu. Siku ya tatu alizunguka nyumba nzima akinusa, akafika kwenye kiti cha marehemu mume wa Fundi, kile cha mbao chenye mto uliofifia, akajilaza mbele yake. Tangu hapo mgeni akitaka kukikalia, mbwa anasimama na kumkazia macho mpaka mtu mwenyewe aone haya ahamie kwenye benchi. Habweki. Anatazama tu. Mdogo wake Fundi, ambaye ndiye mkata nguo wao na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, shemeji karudi nyumbani!"

"Koma wewe. Muogope Mungu."

"Mtazame mwenyewe basi. Hata kununa ananuna kama yeye."

Basi jina likawa ndilo hilo, Shemeji. Asubuhi mdogo mtu akiingia kazini, kabla hajamsalimia dada yake anauliza, "Shemeji hajambo? Kaamka salama?" Fundi akajifanya anachukia. Lakini ukweli ni kwamba tangu mumewe afariki, miaka minne, nyumba ile ilikuwa inamshinda saa za jioni, cherehani ikishazimwa. Sasa zikawa hazimshindi.

Wiki ya saba Msimamizi akapiga simu. Msimamizi ni binti mdogo, anaweza kuwa mwanawe Fundi, lakini kazini hana mchezo.

"Fundi, hongera! Mzee wako kapata mtu. Dereva mstaafu, alikuwa wa malori, anaishi peke yake, ana uwanja wenye ukuta. Nijazie ile fomu leo."

Fundi akamtazama mbwa chini ya cherehani. Akasema sawa. Akajaza ukurasa wa kwanza, na hapo ndipo alipoanza kutia chumvi: mbwa huyu ananuka, anakoroma, mwizi wa chakula, hapendi kuoga, hasikii anapoitwa. Akaipiga picha akaituma. Baada ya saa moja simu ikalia tena na Msimamizi anacheka. "Nimemsomea yule dereva. Kaniambia, hayo yote hata yeye anayo, aje lini? Ukurasa wa pili uko wapi, Fundi?"

Ukurasa wa pili ndio wenye swali la kumi na moja. Akili ya Fundi ilimwambia hivi, nayo ilikuwa akili ya mlezi kabisa, mtu wa mtaani asingeifikiria: mbwa anayeuma hatakiwi na familia yoyote. Asiyetakiwa na familia yoyote atabaki kwa mlezi wake mpaka afe. Sheria haijavunjwa, machozi hayajamwagika, na Shemeji yuko chini ya cherehani. Akapiga tiki. Fomu ikauliza: Alimuuma nani? Wapi? Akaandika: Mlezi. Mkono wa kushoto. Akatuma, akampapasa mbwa kichwa, akaendelea na pindo la gauni.

Ukurasa wa tatu hakuugeuza. Katika wanyama kumi na tisa hakuwahi kupata anayeuma, kwa hiyo hakuwahi kuwa na haja nao. Angeugeuza angesoma kwamba mnyama aliyeuma mtu hakai kwa mlezi. Anarudishwa kituoni siku inayofuata, anatengwa, anasubiri Daktari, na Daktari akiona ni hatari, anachomwa sindano asiamke tena.

Gari la kituo lilifika Ijumaa saa tatu asubuhi. Wakashuka wahudumu wawili wa mabandani, glavu za ngozi mpaka viwikoni, mmoja ameshika fimbo yenye kitanzi. Shemeji alikuwa wa kwanza kuwapokea mlangoni, mkia unapiga fremu. Akanusa glavu. Wakamtia kitanzi shingoni.

"Nyie! Nyie mna wazimu? Mnafanya nini?"

"Mama, umeandika mwenyewe. Anauma."

"Haumi! Mbwa huyu haumi hata nzi! Nilikosea kuandika."

"Wote husema hivyo tukifika," yule wa fimbo akasema, wala si kwa ubaya, kwa uchovu tu. Wakamfunga mdomo kwa mkanda. Mbwa alimtazama Fundi anapopandishwa garini, haelewi kosa lake. Mdogo mtu alikuwa amesimama na mkasi mkononi, kitambaa kimemponyoka.

Fundi alifika kituoni na ndara, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Msimamizi alikuwa mezani, chai imepoa mbele yake, simu mbili zinaita.

"Nimeandika uongo," Fundi akasema bila hata salamu. "Mbwa hakuniuma. Nilitaka asichukuliwe. Basi. Nimekosa, nisamehe, nirudishie mbwa."

Msimamizi akazima simu zote mbili. "Kaa, mama."

"Sikai."

"Uliniandikia uongo jana, au unaniambia uongo leo?"

"Jana!"

"Na jana ningekuuliza, ungeniambia ni kweli."

"Ningekuambia."

"Haya. Sasa mimi nishike lipi?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomkera Fundi zaidi, angalau angefoka wakafokeana. "Mwaka juzi mlezi alikaa hapohapo ulipo. Kaandika anauma, halafu kaja kulia, kasema alikosea. Nikamwamini, kwa sababu alikuwa mtu wangu wa siku nyingi kama wewe. Mbwa akaenda kwenye familia. Mtoto wao akashonwa nyuzi sita shavuni. Nilikwenda kumwona hospitali, Fundi. Tangu siku hiyo nafuata karatasi."

"Lakini mimi si yule!"

"Najua si yule. Yule hakuwahi kuwafokea wenzake kuhusu sheria." Akainuka. "Daktari anakuja Alhamisi. Yeye ndiye ataamua. Mimi mikono yangu imefungwa."

Alhamisi! Ijumaa ile mpaka Alhamisi ni siku sita, na siku sita hizo Fundi alizihesabu moja moja. Kila mchana alifunga kazi akaenda kukaa kwenye benchi la kituo. Kumwona mbwa hakuruhusiwa, maana aliyetengwa hatembelewi, wasije wakamvuruga kabla ya kupimwa. Alikaa akisikiliza mabweko ya bandani, akijaribu kutambua moja kati ya arobaini, akasahau kwamba wa kwake habweki. Yule mhudumu wa fimbo akipita, anamdaka.

"Leo vipi?"

"Chakula anagusagusa tu. Na leo kanguruma."

"Kamngurumia nani?"

"Mimi, nilipoingia na fimbo."

"Hata mimi ningekungurumia! Ingia bila fimbo uone!"

"Mama, fomu inasema niingie na fimbo."

Fomu inasema. Kila alipogusa, anakutana na mwandiko wake mwenyewe. Alitamani kumpiga mtu kofi na hakuona wa kumpiga isipokuwa yeye mwenyewe. Nyumbani kazi zikamharibikia. Kulikuwa na sare za shule ishirini na nne za kumaliza, akashona mikono ya kulia upande wa kushoto, sare tano nzima, akafumua, akashona upya, akakosea tena. Siku ya nne mdogo wake akamnyang'anya kitambaa.

"Toka hapo. Utatufukuzia wateja."

"Niache."

"Sikuachi. Mimi nimenyamaza siku nne, leo nasema. Dada, umemtafutia mbwa kifo kwa kalamu. Kalamu! Ungeniuliza mimi ningekuambia, nenda kwa yule binti umpigie magoti, umwambie nampenda mbwa huyu, nivunjieni sheria. Angekataa, ungelia, yangeisha. Lakini wewe kulia mbele za watu huwezi, kwa sababu uliwacheka waliolia."

Fundi akaacha cherehani. Akaingia jikoni akasimama akiitazama sufuria tupu. Alikuwa na hasira na mdogo wake kwa kuwa alikuwa amesema kweli yote, hakubakiza hata chembe ya kubishania.

Alhamisi Daktari akafika, mzee mfupi wa miwani minene, begi limechakaa. Alisoma fomu akiwa amesimama, kurasa zote tatu, akainua macho.

"Mlezi ndiye wewe? Mkono wa kushoto?"

"Ndiyo, Daktari."

"Hebu."

Fundi akakunja mkono wa blauzi. Daktari akaushika ule mkono akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, juu, chini, mpaka kwapani, kama anayekagua kitambaa cha mtumba.

"Kovu liko wapi?"

"Halipo."

"Limepona?"

"Halikuwepo, Daktari. Niliandika uongo, na huyu binti namwambia kila siku."

Daktari akamgeukia Msimamizi. "Wiki nzima mna mkono wake hapa na hakuna aliyeutazama?"

Msimamizi akawa mwekundu wa macho. "Kukagua ni kazi yako, Daktari. Mimi niliogopa kuamua tena kwa maneno matupu."

"Kovu kukosekana hakumtoi mbwa hatiani. Tumpime mbwa."

Fundi akawekwa nyuma ya kioo. Akaona Shemeji analetwa, mbavu zimetoka tena, mkanda mdomoni. Wakamfungua. Wakadondosha mfuniko wa sufuria nyuma yake. Akaruka, akageuka, akautazama. Akaingizwa mtu amevaa kofia, ameshika mwavuli uliofunguliwa. Akamnusa viatu. Mwisho Daktari akachukua mkono wa bandia, wa mpira, umefungwa kwenye fimbo, akamsogezea usoni, akamgusa sikio lililochanika, akamvuta mkia, akauingiza karibu kabisa na meno. Fundi nyuma ya kioo ameshika futi yake kwa mikono miwili. Mbwa akaunusa ule mkono wa mpira, akapumua kwa kuchoka, akaweka kidevu chake juu yake.

"Huyu," Daktari akasema akiandika, "anauma kama mto wa kulalia unavyouma."

Fundi akalia. Alilia mbele ya wahudumu, mbele ya Msimamizi, mbele ya mtu aliyekuja kuulizia paka, kamasi na kila kitu, na hakujali. Aliporudi ofisini Msimamizi alikuwa na daftari la walezi mbele yake.

"Nakufuta kwenye orodha, Fundi. Hutalea tena hapa. Nakuomba usibishe."

"Sibishi." Akapangusa uso kwa kitenge. Halafu wazo likamjia hapohapo, na kwa ile tabia yake ya kutongoja, akalisema. "Kumbe sasa mimi si mlezi. Basi ile karatasi yako hainihusu. Mimi ni mtu yeyote. Namchukua mbwa."

Msimamizi akageuka kuitazama karatasi juu ya kabati. "Haikuhusu," akakubali. "Lakini kuna foleni. Wa kwanza ni dereva."

"Yule? Si mlimwambia anauma?"

"Nilimwambia. Akaniuliza, alipouma alikuwa ameogopa nini? Kasema atasubiri." Akachukua karatasi mpya. "Nakuandika wa pili. Familia inapewa siku saba za kuzoeana. Akimrudisha ndani ya siku hizo, zamu yako. Asipomrudisha, ndiyo basi. Na Jumamosi utakuja kumkabidhi wewe mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yako ya mwisho."

Fundi angependa dereva awe mtu wa hovyo. Angependa aje ananuka pombe, au amtukane mbwa, apate la kushika. Jumamosi akaja mzee mrefu, shati limepigwa pasi, magoti mabovu, akainama kwa taabu, mkono ameuweka chini akingoja kunuswa. Hakumgusa mbwa kabla mbwa hajamgusa.

"Anaitwaje?"

"Shemeji," Fundi akasema, na masikio yakamwaka. "Ni utani wa mdogo wangu."

Mzee akacheka taratibu. "Basi nyumbani kwangu nimepata ndugu."

Msimamizi akasoma ile karatasi ya makabidhiano. Chanjo, sawa. Minyoo, sawa. "Hapa bandani hakuwa akila vizuri, ila wengi hawali bandani. Fundi, kwako alikuwa anakulaje? Kuna la kuongeza?"

Lilikuwepo. Shemeji alipoletwa mara ya kwanza alikaa siku nane bila kula, ananywa maji na kudonoa kidogo tu, mpaka Fundi akakata tamaa. Siku ya tisa alikaa sakafuni kwa uchovu, amempa mgongo, anatafuna kipande chake cha mkate, ndipo akasikia bakuli linagonga nyuma yake. Akageuka, mbwa akaacha. Akampa tena mgongo; mbwa akala. Kumbe hawezi kula anatazamwa, na hawezi kula peke yake. Anataka mtu akae chini, ampe mgongo, naye awe anatafuna. Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, Fundi alikuwa anakula sakafuni. Hilo hakumwambia hata mdogo wake. Angemcheka mwaka mzima.

"Hakuna," Fundi akasema.

Huo ukawa uongo wa pili, na safari hii hakuhitaji kalamu. Alitoka pale akijua fika alichofanya. Mbwa hatakula, mzee ataogopa, atamrudisha, na wa pili kwenye foleni ni yeye. Njiani akajiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Akajiambia kwamba mzee mwenyewe magoti hayawezi, sakafuni atakaaje? Akajiambia mengi. Alipofika nyumbani akafua mto wa mbwa, akauanika, akaukunja tayari.

Jumapili ikapita. Jumatatu. Kila simu ikilia anairukia, ikiwa ni mteja anamjibu kwa ukali. Mdogo wake akamtazama akiudundadunda ule mto kwa mara ya tatu.

"Unamwombea mzee wa watu mabaya, au naona vibaya?"

"Unaona vibaya. Kata kitambaa."

Jumanne usiku hakulala vizuri. Akiwa kitandani alijaribu kumfikiria Shemeji chini ya cherehani, lakini alichokiona ni zile mbavu.

Simu ikaja Jumatano alasiri, namba asiyoijua.

"Fundi, samahani kwa usumbufu. Ni mimi dereva. Namba yako nimeitoa kwenye kadi ya chanjo." Sauti ya mzee ilikuwa imekwaruza. "Huyu ndugu yetu hali. Siku ya tano sasa. Anakunywa maji, ananifuata kila niendapo, usiku analala mlangoni kwangu, lakini chakula hagusi. Nimempikia nyama, nimempikia wali, nimemlisha kwa mkono, nimekaa mbele yake nikimbembeleza kama mtoto. Ananitazama tu. Daktari kasema nisipoona mabadiliko leo, kesho asubuhi nimrudishe, wamtundikie dripu. Nimeona kabla sijamrudisha nikuulize wewe. Labda kuna kitu nakosea."

Fundi akakaa kwenye benchi. Kesho asubuhi. Alikuwa amebakiza usiku mmoja wa kunyamaza. Wangemtundikia dripu siku mbili, halafu Msimamizi angepiga simu, naye angemleta nyumbani akamlisha, na hakuna mtu duniani angejua. Mto ulikuwa tayari kwenye kona. Mdogo wake alikuwa ameacha kukata, anamtazama.

"Fundi? Upo?"

"Nipo." Akafumba macho. "Chakula kiko wapi sasa hivi?"

"Hiki hapa, kwenye bakuli. Yuko mbele yangu."

"Usikae mbele yake. Tafuta mkate, au chochote unachoweza kutafuna. Una mkate?"

"Ninao."

"Kaa chini, sakafuni. Mpe mgongo. Halafu ule, utafune asikie. Usimwite. Usimtazame. Simu iweke chini karibu yako."

Akasikia mzee anaguna, kiti kinasukumwa, pumzi nzito ya mtu anayeyapeleka magoti yake mahali yasikotaka kwenda. "Nimekaa," akasema kwa kunong'ona. "Sijui nitainukaje, lakini nimekaa."

"Kula."

Dakika moja. Mbili. Fundi aliisikia taya ya mzee ikitafuna mkate mkavu, akasikia saa ya ukutani ya nyumba asiyoijua. Halafu kucha juu ya sakafu, hatua mbili, kimya, hatua nyingine. Halafu bati la bakuli likagonga, na ule ulimi anaoujua, wa haraka, mchafu, wa mbwa mwenye njaa ya siku nyingi.

"Ee Mola," mzee akanong'ona, na sauti yake ikakatika. "Anakula. Fundi, anakula! Mungu akubariki. Wewe ni mtu mwema, mama yangu. Mtu mwema kabisa."

Angeweza kupokea ile asante akakata simu. Mdogo wake alikuwa bado anamtazama.

"Mimi si mtu mwema," Fundi akasema. "Hili nililijua tangu Jumamosi. Niliulizwa mbele yako nikasema hakuna. Nilitaka ashindwe kula umrudishe, nimchukue mimi."

Upande wa pili kutafuna kukakoma. Bakuli likaendelea kugonga.

"Siku tano," mzee akasema hatimaye, na sasa hakunong'ona. "Mnyama huyu kakaa siku tano na njaa, nami nalala nikilia nikidhani ni mimi ambaye hanitaki, na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mwanamke wewe una moyo gani?" Akasikia kiganja kikipiga sakafu, mtu anataka kuinuka, au kugeuka amtazame mbwa wake.

"Usigeuke," Fundi akasema, machozi yanamwingia mdomoni. "Nitukane, ila mpe mgongo. Bado anakula."